Mgonjwa Anaposema Hapati Usingizi: Somo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa wa Handeni na Korogwe

Miongoni mwa malalamiko yanayosikika katika zahanati na vituo vya afya vya Handeni na Korogwe, lipo moja ambalo aghalabu hutajwa mwishoni, mgonjwa akiwa amekwisha kusimama ili aondoke: "Na usingizi nao, daktari, siupati." Mhudumu aliyekwisha kuandika dawa ya ugonjwa mwingine, huku foleni ikimngoja nje, mara nyingi huongeza mstari mmoja kwenye cheti: diazepamu, kidonge kimoja usiku. Makala haya yanahusu mstari huo. Yanaeleza kwa nini usiandikwe kwa haraka, na ni nini kinachoweza kufanyika badala yake mahali ambapo hakuna maabara ya usingizi, wanasaikolojia ni wachache, na mazungumzo na mgonjwa mmoja hayazidi dakika kumi.

Kisa cha mama wa Handeni

Mama mwenye umri wa miaka 54, mkulima wa mahindi katika kijiji kimoja cha Handeni, alifika zahanati mara tatu ndani ya miezi mitano kwa lalamiko hilohilo. Mgonjwa huyu ametungwa kwa ajili ya somo hili, ila hakuna jambo katika kisa chake ambalo wahudumu hawajapata kuliona. Mara ya kwanza alipewa parasetamoli. Mara ya pili alipewa diazepamu ya miligramu 5 kwa siku saba, na kwa siku saba alilala vizuri. Vidonge vilipokwisha alinunua vingine katika duka la dawa, akaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi. Mara ya tatu alisema kwamba kidonge kimoja hakimtoshi tena, na kwamba wiki iliyotangulia, alipoamka usiku kwenda msalani, miguu ilikuwa mizito kama ya mlevi, akaanguka kizingitini na kuumia nyonga.

Kuanguka huko ndiko kulikobadili mazungumzo. Ofisa tabibu, kijana wa rika la wanawe, aliweka kalamu chini akamwambia, "Mama, hebu nisimulie usiku wako wa jana, tangu jua lilipozama." Mama akasimulia. Hupanda kitandani saa 2 usiku, kwa kuwa nyumba haina umeme na mwili umechoka. Usingizi humchukua karibu na saa 3. Huamka mara tatu kwenda kukojoa. Ikifika saa 8 usiku huwa macho kabisa, anawaza mvua zilizochelewa na deni la kikoba. Mnamo saa 10 alfajiri hupitiwa tena na usingizi, hadi adhana inapomwamsha saa 11. Alipoulizwa dawa anazotumia, alitaja kidonge cha shinikizo la damu, kile cha jamii ya dawa za kukojosha. Hukinywa usiku anapokwenda kulala, ili asikisahau. Alikuwa ameambiwa "kimoja kwa siku". Hakuna aliyewahi kumuuliza ni saa ngapi.

Katika majibu hayo machache mna mambo matatu tofauti, na diazepamu haitibu hata moja. Kuna dawa nzuri inayonywewa saa isiyofaa. Kuna saa tisa kitandani kwa mtu ambaye usingizi wake wote haufiki saa sita. Na kuna mawazo ambayo hupata nafasi pale giza linapokuwa refu. Mazungumzo yalichukua dakika sita.

Usingizi wenyewe ulivyo

Ni vigumu kumsaidia mgonjwa bila kufahamu nguvu mbili zinazoleta usingizi. Ya kwanza ni deni la usingizi: kadiri mtu anavyokaa macho ndivyo ubongo unavyojikusanyia haja ya kulala, na haja hiyo hulipwa kwa kulala tu. Anayesinzia saa mbili mchana amelipa sehemu ya deni, na usiku atakuwa na kidogo cha kulipa. Kahawa na chai hazilipi deni hilo. Huliziba tu mtu asilihisi. Nusu ya kafeini iliyonywewa huwa bado mwilini baada ya takribani saa tano, kwa hiyo chai ya rangi ya saa 2 usiku bado inafanya kazi yake usiku wa manane. Nguvu ya pili ni saa ya mwili, inayoongozwa hasa na mwanga. Jua la asubuhi huielekeza saa hiyo ijue siku imeanza lini, na hivyo usiku uje lini.

Jambo jingine linalostahili kuelezwa kwa wagonjwa ni kwamba kuamka usiku si ugonjwa. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kupima usingizi wa jamii tatu zinazoishi bila umeme, mojawapo ikiwa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania. Watu hao walilala kwa wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na hawakuwa wakilala jua linapozama, bali saa kadhaa baadaye. Utafiti mwingine kwa Wahadza, uliochapishwa mwaka 2017, ulifuatilia watu wazima 33 kwa siku 20, na katika muda wote huo zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa wakati mmoja. Daima alikuwapo mtu aliye macho. Kwa hiyo mzee anayeamka mara moja au mbili, akageuka na kulala tena, na mchana akawa mchangamfu, hahitaji dawa. Ahitaji kutolewa hofu.

Hata hivyo, tatizo lenyewe lipo na ni kubwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha watu zaidi ya 40,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea katika nchi nane za Afrika na Asia, Tanzania na Kenya zikiwamo, ulikuta kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 alikuwa na matatizo makubwa ya usingizi. Yalionekana zaidi kwa wanawake na kwa wazee zaidi, na yaliambatana na sonona na wasiwasi.

Kitaalamu, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa sugu wa kukosa usingizi iwapo hushindwa kulala, au huamka na kushindwa kurudi usingizini, angalau usiku tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu, na mchana wake ukaathirika, ilhali nafasi ya kulala anayo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo husahaulika. Mkata mkonge wa Korogwe anayetazama mpira hadi saa 5 usiku na kutoka nyumbani saa 10 alfajiri hana ugonjwa wa kukosa usingizi. Hana muda wa kulala. Vivyo hivyo mwanamke wa Handeni, wilaya iliyofahamika kwa uhaba wa maji tangu zamani, anayeamka usiku wa manane kuwahi foleni ya kisimani. Kumwandikia huyo dawa ya usingizi ni kumlewesha mtu aliyechoka.

Kuuliza kabla ya kuandika

Swali bora ni lile la ofisa tabibu wa kisa hiki: kumwomba mgonjwa asimulie usiku mmoja, wa jana, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akiulizwa kwa jumla atasema "silali kabisa". Akisimulia usiku wa jana, saa zake zitaonekana.

Hapa lazima itajwe hatari ndogo ambayo imeharibu madodoso mengi. Mgonjwa husema kwa saa za Kiswahili, fomu huandikwa kwa saa 24, na anayejaza ana haraka. "Nalala saa nne naamka saa kumi" ni usingizi wa saa sita, kuanzia 22:00 hadi 04:00. Akiandika 04:00 na 10:00, mhudumu amempa mgonjwa maradhi mengine kabisa, ya mtu anayelala mchana. Ni salama kuuliza pia kwa alama za kijijini: jogoo wa kwanza, adhana ya alfajiri, basi la kwanza, kengele ya shule.

Baada ya masimulizi hayo, mhudumu achunguze ni nini kinachomwamsha mgonjwa. Anayeamka akihema na kulazimika kukaa kitako, au anayelala kwa kuegemea mito, hana tatizo la usingizi. Moyo wake uchunguzwe siku hiyohiyo. Kikohozi na mbano wa kifua usiku huashiria pumu isiyodhibitiwa. Jasho la kulowesha nguo pamoja na kukonda na kukohoa ni sababu ya kupima kifua kikuu. Mwasho unaozidi usiku, hasa ukiwa umewapata watu kadhaa wa nyumba moja, ni upele hadi ithibitishwe vinginevyo, na dawa ya kupaka kwa familia nzima hurudisha usingizi kuliko kidonge chochote. Kukojoa mara nyingi humtaka mhudumu apime sukari, na kwa wanaume wenye umri mkubwa aulize habari za tezi dume. Wanawake wanaokaribia ukomo wa hedhi huamshwa na joto la ghafla mwilini na wengi hawalisemi wasipoulizwa. Mjamzito anayehisi miguu inamtembea usiku na kupata nafuu akiisogeza apimwe damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma ni chanzo kinachojulikana cha hali hiyo.

Sonona inahitaji kituo kirefu zaidi. Mtu anayeamka alfajiri na mapema kuliko kawaida yake, moyo ukiwa mzito, asifurahie tena yale aliyokuwa akiyapenda, huenda akaja zahanati kwa neno moja tu: usingizi. Kulisema hilo ni rahisi kuliko kusema huzuni, hasa kwa wanaume. Maswali mawili yatosha kuanzia: je, katika wiki mbili zilizopita amekuwa mwenye huzuni au kukata tamaa, na je, amepoteza hamu ya kufanya mambo? Akikubali, lipo dodoso la maswali tisa, PHQ-9, ambalo limekwisha kutafsiriwa na kujaribiwa kwa Kiswahili nchini Tanzania. Swali lake la tisa linahusu fikra za kujidhuru. Lisirukwe kwa aibu. Kuliuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani; na mgonjwa mwenye fikra hizo akipewa diazepamu ya mwezi mzima aende nayo nyumbani, amekabidhiwa hatari kwa mkono wa aliyetaka kumsaidia.

Dawa ambazo mgonjwa anazo tayari

Hapa ndipo mhudumu wa ngazi ya msingi anapoweza kufanya mengi kwa gharama ya dakika moja, na ni ajabu jinsi panavyopuuzwa. Dawa za kukojosha, kama furosemidi na bendrofluazidi, zinywewe asubuhi. Wapo wanaohofu kwamba kuhamisha saa ya dawa ya shinikizo la damu kutaharibu tiba. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2022, likiwa na washiriki zaidi ya 21,000, halikuona tofauti ya kinga dhidi ya kiharusi na shtuko la moyo kati ya waliokunywa dawa zao asubuhi na waliokunywa jioni. Muhimu ni zinywewe kila siku.

Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi wana historia ya pekee katika jambo hili. Kwa miaka mingi wengi wao walitumia mchanganyiko wenye efavirenzi, dawa iliyofahamika kwa kizunguzungu na ndoto za kutisha, na kwa sababu hiyo walifundishwa kuinywa usiku. Kuanzia mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwahamishia kwenye mchanganyiko wenye dolutegraviri. Dawa hii huvumilika vizuri zaidi, lakini kwa baadhi ya watu hufukuza usingizi. Mgonjwa aliyezoea kunywa dawa usiku huendelea na saa ileile kwa uaminifu, na hakuna anayemwambia kwamba dawa mpya yaweza kunywewa asubuhi. Kuihamisha mara nyingi hutosha. Asiache dawa, hata kwa usiku mmoja, kwa ajili ya usingizi.

Prednisoloni nayo inywewe asubuhi. Aminofilini na vidonge vya salbutamoli husisimua mwili; fluoksetini ifae asubuhi, amitriptilini usiku. Isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu huwanyima baadhi ya watu usingizi, nayo ni bora asubuhi. Kisha yaulizwe yale yasiyoandikwa kwenye kadi: vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva wa bodaboda, mirungi ingawa imepigwa marufuku, na pombe. Mnazi au gongo humlaza mtu upesi, lakini hukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na anayekunywa ili alale hujikuta macho saa 9 na kiu kikali.

Anayekoroma na kushika usukani

Barabara kuu kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha hupita Mkata, Kabuku, Segera, Korogwe na Mombo, na tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu mabasi ya mikoani kusafiri usiku, magari hayapungui sana giza linapoingia. Dereva anayesinzia kwenye barabara hiyo hahatarishi maisha yake peke yake.

Mwanaume mnene, mwenye shingo nene, ambaye shinikizo lake la damu halishuki licha ya dawa tatu, aulizwe habari za kukoroma. Yeye mwenyewe hajui; mkewe ndiye shahidi. Je, hukoroma hadi chumba cha pili? Je, pumzi hukatika kwa muda, kisha akashtuka kama anayekabwa? Je, huamka amechoka na kuumwa kichwa? Hali hii ya kukatika kwa pumzi usingizini hutokana na njia ya hewa kooni kuziba misuli inapolegea. Mgonjwa hulala saa nane akaamka kama hakulala. Akisema "nimechoka, usingizi wangu si mzuri" akapewa diazepamu, misuli ya koo italegea zaidi na pumzi itakatika kwa muda mrefu zaidi. Wagonjwa wa namna hii wapewe rufaa kwa daktari bingwa, na wakati wakisubiri walale ubavu, waache pombe ya jioni, wapunguze uzito. Dereva aambiwe waziwazi kwamba asiendeshe usiku hadi atakapotibiwa. Ni ushauri mgumu kumpa mtu ambaye usukani ndio unaolisha nyumba yake, na pengine itabidi mhudumu azungumze naye zaidi ya mara moja.

Diazepamu na Piritoni

Diazepamu ni dawa yenye heshima yake. Humwokoa mgonjwa wa degedege lisilokoma. Kama dawa ya usingizi, faida yake hudumu wiki chache. Baada ya hapo mwili huizoea na dozi ileile haifanyi kazi. Hukaa mwilini kwa siku kadhaa, hivyo kidonge cha leo hujumlishwa na cha jana na cha juzi, na mzee akaanza kusahau, kuyumba na kuanguka. Ikiachwa ghafla baada ya miezi, usingizi hupotea kabisa, mikono hutetemeka, na baadhi hupata degedege. Mgonjwa huyaona hayo kuwa ni ushahidi kwamba bila kidonge hawezi kulala, kumbe ni kidonge kinachodai. Kuitumia pamoja na pombe au dawa kali za maumivu za jamii ya mofini kwaweza kuzuia pumzi.

Kwa hiyo anayeitumia kila siku asikemewe wala asikatiwe ghafla. Mwenye kunywa miligramu 5 hupunguziwa hadi nusu kidonge kwa wiki mbili hadi nne, kisha robo kwa muda kama huo, kisha huacha. Anayetumia zaidi huhitaji muda mrefu zaidi na uangalizi wa daktari. Wauzaji wa maduka ya dawa nao wana sehemu yao. Dawa hii ni ya cheti, na mteja anayerudi kila baada ya siku kumi anapaswa kuelekezwa kwenye kituo cha afya.

Piritoni, yaani klorofenamini, huonekana haina madhara kwa kuwa hutolewa kwa mafua. Nayo huzoeleka upesi, hukausha kinywa, na kwa wazee huleta kuchanganyikiwa na kuziba mkojo. Haipaswi kuwa dawa ya usingizi ya kila siku.

Tiba isiyo ya kidonge

Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza kwamba tiba ya kwanza kwa ugonjwa sugu wa kukosa usingizi kwa watu wazima iwe ni tiba ya fikra na mwenendo, na mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ukasema vivyo hivyo. Anayesikia hayo Handeni ana haki ya kuuliza ni nani atakayeitoa. Jibu la kutia moyo lilipatikana Uingereza mwaka 2023: katika jaribio la watu 642, sehemu moja tu ya tiba hiyo, ile ya kupunguza muda wa kitandani, ilitolewa na wauguzi wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi, kwa mazungumzo manne tu. Baada ya miezi sita wagonjwa wao walikuwa wamepona zaidi kuliko wale waliopewa kijitabu cha ushauri peke yake.

Kazi huanza na shajara. Daftari la shule la kurasa 40 latosha. Kila asubuhi mgonjwa huandika alipanda kitandani saa ngapi, alilala takribani saa ngapi, aliamka mara ngapi, aliondoka kitandani saa ngapi. Asiyejua kuandika husaidiwa na mjukuu. Asikodolee saa usiku, akisie asubuhi. Baada ya wiki moja au mbili, mhudumu hujumlisha usingizi wa kweli na kuulinganisha na muda wa kitandani.

Kisha muda wa kitandani hupunguzwa ukaribie muda wa usingizi, lakini usiwe chini ya saa tano. Saa ya kuamka huwekwa moja kwa kila siku, Jumapili na Ijumaa zikiwamo, na saa ya kulala husogezwa mbele. Deni la usingizi likikusanyika vya kutosha, usingizi huja mzito na haukatiki ovyo. Mgonjwa anapolala kwa asilimia 85 au zaidi ya muda alio kitandani kwa wiki nzima, huongezewa dakika 15. Wiki mbili za mwanzo ni ngumu, na mgonjwa asipoonywa mapema ataacha. Njia hii haifai kwa mwenye kifafa, kwa aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, wala kwa dereva au mwendesha mashine, kwani kunyimwa usingizi huweza kuwadhuru.

Kanuni ya pili ni kwamba kitanda kiwe cha kulala. Vitabu vya ughaibuni humwambia asiyepata usingizi ahamie chumba kingine, ushauri ambao haufai kitu kwa mama anayelala na wajukuu watatu katika chumba kimoja. Maana yake, hata hivyo, yaweza kutekelezwa: akiona amekaa macho kiasi cha kuanza kukereka, aondoke kitandani aketi kigodani au mkekani karibu na mlango, gizani au kwa mwanga hafifu, pasipo simu, hadi kope zianze kuwa nzito. Mawazo ya deni na mvua yapewe saa yake mapema jioni, yasemwe kwa mtu au yaandikwe pamoja na hatua moja itakayochukuliwa kesho. Saa 8 usiku hakuna deni linalolipika.

Joto, chandarua na jinamizi

Ushauri wa kawaida wa kulala mahali penye hewa na ubaridi hukutana Korogwe na jambo zito. Wilaya hii ina jina katika utafiti wa malaria: ilikuwa mojawapo ya vituo 11, katika nchi saba za Afrika, vilivyofanya jaribio kuu la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Mbu bado wapo. Katika bonde la Mto Pangani, miezi ya joto, wengi hukivua chandarua usiku kwa sababu hawawezi kulala ndani yake, na mhudumu anayesema "lala penye hewa" bila kufafanua anaweza kueleweka vibaya. Chandarua kitundikwe juu na kwa upana kisiguse mwili, madirisha yawekwe wavu, aoge maji kabla ya kulala. Kipya kianikwe kivulini siku nzima kabla ya kutumika, kwa kuwa dawa yake huwasha ngozi na macho siku za mwanzo. Anayelala uani alale na chandarua uani.

Wapo pia wanaoogopa kulala kwa sababu ya jinamizi: mtu huamka, macho yako wazi, lakini hawezi kusogeza hata kidole, na huhisi kitu kizito kifuani au mtu chumbani. Wengi hulipeleka kwa mganga au kwa viongozi wa dini kabla ya kulitaja zahanati, na wengine hawalitaji kamwe. Katika usingizi wa ndoto ubongo huilegeza misuli ili mtu asitende anayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa. Hudumu kwa sekunde au dakika chache, halina madhara, na huwapata zaidi waliokosa usingizi, wanaolala saa zisizo na mpango na wanaolala chali. Mhudumu anaweza kuyaeleza hayo bila kuidharau imani ya mgonjwa. Mara nyingi kitakachomsaidia zaidi ni kujua kwamba wengine pia huwapata.

Yaliyofuata Handeni

Mama wa kisa hiki alipimwa sukari, ikawa ya kawaida. Alijibu maswali ya sonona, hakuwa nayo. Nyonga haikuvunjika. Dawa ya shinikizo la damu ilihamishiwa asubuhi, na ndani ya wiki moja safari za msalani zilipungua kutoka tatu hadi moja. Shajara, iliyoandikwa na mjukuu wa darasa la sita, ilionyesha usingizi wa saa tano na nusu ndani ya saa tisa za kitandani. Walikubaliana apande kitandani saa 5 usiku na kuondoka saa 11 alfajiri.

"Sasa mwanangu, kuanzia saa mbili mpaka saa tano nifanye nini gizani?" aliuliza. Lilikuwa swali la haki. Kwa wiki mbili alisuka ukili barazani kwa jirani yake huku wakisikiliza redio. Mara moja alilala palepale akiwa amekaa, na mjukuu akamwandikia kwenye daftari bila yeye kujua.

Diazepamu ilipunguzwa kuanzia wiki ya tatu, na wiki mbili baadaye alitaka kurudia kidonge kizima kwa kuwa usiku tatu mfululizo hakulala vema. Muuguzi alimkumbusha kwamba walimweleza siku hizo zingekuja. Katika wiki ya kumi alikuwa ameacha. Sasa hulala saa 4 na nusu usiku. Huamka mara moja kwenda msalani, na siku ambazo mbingu haionyeshi dalili ya mvua hukaa macho kwa muda. Deni la kikoba bado halijaisha, amelipa nusu.